Chetezo Kikae Uani

Mwanaidi wangu,

Umekwenda Kaole kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi yako hutarudi mpaka umelishwa mara mbili. Hii ndiyo nafasi niliyoipata. Nimekaa barazani, alasiri imeshaswaliwa zamani, na begi lako liko hapa mlangoni limefungwa tangu jana. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Pangani kuwafundisha wanawake kumi na wawili kazi yangu. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma tena kwa sauti, jirani akauliza nazungumza na nani.

Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Baba yako ameshayaandika hayo yote nyuma ya boksi la chai, na la kwanza kabisa ni kwamba usinunue nanasi la huko, maana halifikii la Kiwangwa. Mchukulie boksi lake, afurahi. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka tisa.

Kwanza nikwambie kuhusu jana, ingawa ulikuwepo. Jana nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nilipokuzaa. Wale wakaguzi wa huduma za majumbani walitupekua wiki nzima: glavu, sabuni, dawa zinawekwa wapi, nani ana ufunguo, daftari la kila mgonjwa ukurasa kwa ukurasa. Mzee Shomari wakamuomba ruhusa wakamgeuza, waone mgongo wake wenyewe. Halafu jana cheti kikaletwa, kina jina letu, kina muhuri. Pilau uani kwa Rukia, vigelegele, na mimi na goti langu hili nikacheza. Sioni aibu kusema nilicheza. Kikundi kilichoanzia jikoni kwetu, mimi na Rukia na beseni moja, leo kinaombwa kikafundishe wengine!

Ndipo uliposimama wewe. Ulikuwa umependeza, na sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Ukasema, "Mama yangu amehudumia wagonjwa miaka yote hii, na hakuna hata mmoja aliyepata kidonda mikononi mwake. Hata mmoja. Hilo ndilo nitakaloanza nalo Pangani." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikainua mkono kama mtu anayesema basi, yatosha, nikairudisha siniani nyama niliyokuwa nimeishika.

Rukia hakupiga kigelegele. Nadhani hukumwona. Alinitazama tu toka upande wa pili wa sinia, mama yako mdogo yule ambaye akianza kucheka hanyamazi. Tulipokuwa tunasugua masufuria akanisogelea.

"Zainabu, mtoto anakwenda kufundisha jambo ambalo si kweli."

"Nimesikia."

"Mimi nimelinyamazia miaka tisa, kwa sababu yako na kwa sababu ya mama. Lakini kunyamaza ni kitu kingine na kufundisha ni kitu kingine. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

"Kabla hajapanda gari," akasema, akaingia ndani, akarudi na kitu amekifunga kwenye kanga. Hicho nitakifikia. Ngoja kwanza.

Mwanangu, uliyoyasema jana si kweli, na aliyeutengeneza uongo huo ni mimi. Kidonda kilikuwepo. Alikipata Bi Mwanahamisi, mama yake Rukia, na alikipata mikononi mwangu.

Wewe ulikuwa bweni wakati huo, kidato cha pili. Bi Mwanahamisi alipata kiharusi, upande mzima wa kushoto ukapooza. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, Rukia alinifuata mimi kwa kuwa alisikia nilimuuguza mama yangu mwenyewe mpaka mwisho. Nikakubali siku hiyo hiyo. Nyumba ile unaijua, nyuma ya soko la zamani, nyumba ya watu wenye heshima zao, na mimi kuitwa humo nilijiona nimepanda cheo.

Sasa kumbuka bibi yako, mama yangu, alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa wetu. Nilianza kumsaidia nikiwa kigori, nashika birika. Kila nilichojua kuhusu kuugusa mwili wa mtu nilikijua kutoka kwake: kanga juu, mkono chini ya kanga, macho pembeni. Maiti hafunuliwi. Unamwosha mwili mzima bila kumtazama, ndiyo stara yake. Nilikuwa hodari kwa hilo, mama alikuwa ananisifu mbele za watu.

Basi na Bi Mwanahamisi nikamwogesha hivyo hivyo. Mtu mzima vile, mwenye haiba yake, ningethubutu vipi kumfunua? Napitisha kitambaa chini ya kanga, macho yangu dirishani, na nikifika pale mgongo unapoishia naharakisha kwa haya. Naye haya zake zilikuwa nyingi kuliko zangu, kwa hiyo tulielewana sana. Rukia akawa anawaambia watu, "Zainabu ana stara, huyo." Nami kichwa kinavimba. Haikunipitikia kwamba namwogesha mtu aliye hai kwa adabu ya maiti. Maiti hana ngozi inayoweza kuharibika kesho. Bi Mwanahamisi alikuwa nayo.

Alikuwapo nesi mstaafu, Nesi Fidea wa Kerege, Rukia alimuomba awe anakuja mara moja kwa mwezi. Ndiye aliyenipa daftari la kwanza maishani mwangu, nene kama tofali. Akalipiga mistari kwa rula: kageuzwa saa ngapi, kala nini, haja, na mstari wa mwisho, ngozi. Akaniambia, "Kila asubuhi umtazame mgongo, nyonga na visigino, ndipo uandike." Nikaitika vizuri. Na kila asubuhi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: ngozi nzima, ngozi nzima, ngozi nzima. Sikutazama hata siku moja.

Halafu kuna udi. Bi Mwanahamisi kabla ya maradhi alikuwa anachanganya udi mwenyewe, wa sukari na mawaridi, na nyumba yake ilikuwa inanukia mpaka njiani. Mimi nikaona nikimtunzia harufu ya nyumba yake nimemtunza mwenyewe. Chetezo asubuhi, chetezo alasiri kabla ya wanaokuja kumjulia hali hawajabisha hodi. Wakiingia wanasema, "Mashallah, chumba cha mgonjwa hakinuki ugonjwa!" Hicho ndicho kilikuwa cheti changu wakati ule, mwanangu. Hakikuwa na muhuri lakini nilikiamini kuliko cha jana.

Masika ikaja, na asubuhi moja mkaa wote ukawa umelowa. Chetezo kikakataa kuwaka. Nikaingia chumbani bila moshi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na nikasikia harufu. Nikasema panya kafa. Nikafagia uvunguni, nikatoa viatu, nikasogeza sanduku, hamna panya. Nikainua pembe ya godoro, hamna. Bi Mwanahamisi ananitazama tu. Ndipo nikamgeuza, na nikainua kanga.

Kilikuwa na upana wa kikombe cha kahawa, na katikati kilikuwa cheusi. Sitakuelezea zaidi, wewe umesoma, unajua.

Sikia sasa nilichofanya, maana hili ndilo linalonifanya niandike. Sikumwita Rukia. Niliifunika kanga. Nikaenda kwenye daftari, nikashika kalamu, nikaandika: ngozi nzima. Halafu nikaenda kwa jirani nikaomba mkaa mkavu, nikafukiza udi mpaka chumba kikawa cheupe kwa moshi.

Kosa la kutotazama nilishajisamehe, nilikuwa mjinga na mwenye haya. Lile neno la siku hiyo nililiandika nikiwa nimeshaona. Niliogopa kuitwa mzembe katika nyumba ya watu. Nikajiambia nitakitibu kimyakimya, asali, majani, dua, na hakuna atakayejua. Siku mbili nilifanya hivyo. Nimekwambia siku mbili kwa sababu nataka uzihesabu.

Siku ya tatu niliingia na chetezo kama kawaida. "Shikamoo Bi. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, namshukuru Mungu," akanijibu, kama alivyokuwa ananijibu kila asubuhi, ulimi mzito wa kiharusi. Halafu akaongeza, polepole, neno baada ya neno. "Zainabu. Siku hizi unafukiza mno. Unamficha nani?"

Nikasema simfichi mtu.

"Mkono umepooza, na mguu," akasema. "Pua yangu haikupooza."

Niliweka chetezo chini. Nikamuuliza, "Umeisikia tangu lini, Bi?"

"Wiki mbili sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeona. Nikaona unanionea haya, nami nikakuonea haya wewe." Akafumba macho. "Inauma, mwanangu. Inauma sana."

Mwanaidi, wiki mbili mtu ameumia na kila asubuhi tunaulizana hali na kujibizana sijambo, mimi na yeye, kwa heshima zote. Nililia pale pale, naye ananiambia nyamaza.

Nikatoka uani. Rukia alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia yote, kidonda, na lile neno, na zile siku mbili. Sikupunguza kitu. Aliinuka na mbuzi ikaanguka, nazi ikamwagika.

"Mama yangu anaoza ndani ya nyumba yangu na wewe unaandika mzima?"

"Ndiyo."

"Unaandika kwa mkono wako!"

"Ndiyo, Rukia."

Nilijua ananifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta kanga yangu kwa macho. Akakaa chini tena, akashika kichwa. Kisha akasema, "Huondoki. Ukiondoka utakwenda kufanya hivi kwa mama wa mtu mwingine. Utakaa hapa mpaka kipone. Na kama hakiponi, utakaa uone."

Nesi Fidea alikuja siku hiyo hiyo. Nilitegemea kelele, hakupiga. Alinawa, akavaa glavu, akafunga mlango, halafu akafanya kitu ambacho mimi sikuwahi kukifanya hata siku moja. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa. "Bi, naomba ruhusa nikutazame mgongo."

Bi Mwanahamisi akasema, "Ruhusa ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyeiomba."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, mwanangu, katika dakika ile, na yote niliyowafundisha nyinyi yametoka pale. Unaomba. Unafunga mlango. Unafunua kipande unachokitazama na kingine kinabaki kimefunikwa. Na unatazama. Mimi nilidhani stara ni kugeuza uso. Nesi akanishika mkono akanirudisha karibu, "Tazama, Zainabu. Usikwepe." Nikatazama mpaka mwisho.

Miezi minne. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana mimi, usiku Rukia, kwa saa ya ukutani. Kusafisha kwa dawa alizoleta nesi, asali yangu na majani yangu vyote vikatupwa. Mayai, samaki, maziwa, nyama ijenge nyama. Nesi Fidea akawa kila akija anaweka karatasi ya nailoni safi juu ya kidonda na kukichora mzunguko wake kwa kalamu, na Rukia anabandika michoro ukutani. Kikombe cha kahawa. Kisha mchoro mdogo zaidi. Kisha kama kizibo cha soda. Wiki tatu kikagoma, hakipungui hata unywele, nikakata tamaa na Bi Mwanahamisi ndiye aliyekuwa ananitania, "Geuza chapati, Zainabu, upande huu umeiva." Kisha kikaanza tena kupungua, kikawa kama kifungo cha shati. Na chetezo kilikuwa uani muda wote huo. Rukia alikuwa amekifungia kwenye banda.

Na asubuhi moja nikaomba ruhusa, nikafunua, na hapakuwa na kitu cha kuchora. Ngozi mpya, laini, rangi ya waridi. Nikapiga yowe, Rukia akaja mbio akijua mama kafa. Alipoona alipiga kigelegele ambacho watu wa sokoni walidhani kuna harusi, wakaja kweli, wengine na mikoba ya mboga. Bi Mwanahamisi akasubiri tunyamaze. Akasema, "Sasa kaniletee udi wangu."

Sijanusa udi mzuri kama ule tangu siku hiyo.

Ile sherehe ndiyo iliyozaa uongo. Mji ukasema Zainabu kamponya Bi Mwanahamisi kidonda alichotoka nacho hospitali. Nani alisema hospitali sijui. Sikusema mimi, ila sikukanusha, nikawaacha watu wa hospitali wabebe mzigo wangu. Ulipofunga shule ukaja nyumbani ukaisikia hadithi hiyo sokoni, ukanikumbatia, ukasema ukimaliza utafanya kazi ya mama. Ningekukatizaje? Nilipenda mno yale macho uliyonitazama nayo. Na kila ulipouliza kwa nini katika kikundi chetu chetezo kikae uani mpaka mgongo utazamwe, nilikujibu moshi unaumiza kifua cha mgonjwa. Ni kweli unaumiza. Lakini hiyo siyo sababu.

Unamkumbuka yule binti wa Mapinga, mwaka jana, aliyeandika kamgeuza mgonjwa na kumbe alilala? Ulimfokea mbele ya wenzake, ukasema mtu anayeandika uongo kwenye daftari hafai kumgusa mgonjwa. Mimi nikamrudisha kazini, ukaninunia siku tatu. Sasa unajua kwa nini. Na leo yeye ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote, wewe mwenyewe umesema. Mtu akija Pangani akakwambia nimekosea, mkalishe, mpe maji, msikilize. Usijali amekosea kiasi gani kabla hujajua amechelewa siku ngapi kusema. Na mtu akikuambia mimi sijawahi kupata kidonda hata kimoja, usimpigie makofi. Omba ruhusa utazame.

Sasa kile alichonipa Rukia jana. Ni daftari lile la kwanza. Alikuwa nalo kabatini miaka yote. Nimelitia begini kwako, chini ya nguo, juu ya boksi la baba yako. Ukurasa wenye neno lile la uongo nimeukunja pembe. Siku ya kwanza, kabla hujawaonyesha glavu wala cheti, wasomee ukurasa huo, uwaambie aliyeuandika ni mama yako. Jina langu litaje lote. Nimekaa nikijiuliza kama utaendelea kunitazama kama ulivyokuwa unanitazama. Ila nimechoka kupendwa kwa jambo ambalo sikulifanya, na nililolifanya hasa ni kubwa zaidi. Nilikosea, nikasema, nikakaa mpaka kikapona. Najivunia hilo mpaka kifua kinaniuma!

Ukishawasomea, fungua ukurasa wa mwisho. Bi Mwanahamisi aliishi miaka mitano baada ya pale, alimcheza mjukuu wake unyagoni akiwa amekaa kitini. Asubuhi ya siku aliyofariki niliomba ruhusa kama kawaida, akanipa, nikatazama, nikaandika. Adhuhuri akaondoka. Rukia akasema hakuna mwingine wa kumwosha ila mimi. Basi nikamwosha kwa adabu ya mama yangu, kanga juu, mkono chini, macho pembeni. Vidole vyangu vikapita pale mgongo unapoishia, vikakuta kovu dogo, limefunga, laini. Nyonga. Visigino. Nilimpitia wote, na hapakuwa na kingine.

Neno la mwisho katika daftari ni la asubuhi ile. Ni yale yale maneno mawili, ngozi nzima, kwa mwandiko ule ule. Safari hii nilikuwa nimetazama.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu. Naikunja barua hii.

Ni mimi niliyekuzaa na niliyekudanganya, na kesho nitakupungia mkono sina deni na wewe,

Zainabu, mama yako